Sheria ya Bibi Ghati

Ukifika Itiryo ukauliza habari za Ghati, watakuambia kwanza kwamba ni mkali na mdomo wake hauna likizo. Waache waseme. Hao hao ndio waliokuwa wakimfuata hadi shambani kumwomba awasemee watoto wao kwa walimu, na hao hao ndio walioinua mikono siku ile huku wakiangalia chini. Kama ana ukali, aliupata kwa hao hao.

Ghati aliolewa na Nyangwine akiwa binti, wakaishi pamoja bila mtoto hadi mzee akafariki. Akabaki na boma, ng'ombe, na mashemeji waliokuja jioni kumsalimu huku macho yao yakiwa zizini. Wakurya wana njia yao kwa mwanamke aliyefikwa na hayo. Ghati alioa. Ndiyo, alioa. Alikwenda na wazee hadi kwa wazazi wa Boke, akatoa ng'ombe wa mahari kama mwanamume yeyote, akamleta binti nyumbani awe mke wa nyumba ile. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa. Watoto watakaozaliwa humo ni wa Nyangwine aliye kaburini na wa Ghati aliye hai. Mwanamume wa kuwazaa huchaguliwa, huja na kuondoka, na jina lake halitajwi. Hana mtoto pale. Nyumba ikimtaja, inajibomoa yenyewe, maana kumtaja ni kumfungulia mlango aje kudai.

Ghati alimchagua Simioni. Wakati huo Simioni alikuwa kijana wa baiskeli, akibeba mikungu ya ndizi kuipeleka Nyamongo, ana mke, ana mtoto mchanga aitwaye Mseti, na suruali moja iliyotoboka magotini. Lakini alikuwa na ulimi mpole. Shikamoo yake aliitoa kofia ikiwa mkononi. Ghati akajiambia kwamba mtu mwenye heshima namna hii hawezi kuacha damu mbaya mahali. Boke akazaa mtoto wa kiume, wakamwita Werema, Werema Nyangwine, naye akakua akimwita Ghati bibi. Simioni akaacha kuja, kama ilivyokubaliwa, na hakuna aliyeuliza.

Kisha dhahabu ikawapanda watu kichwani. Pale Nyamongo, kando ya mgodi mkubwa, wakajaa watu wa Geita, wa Shinyanga, na wa ng'ambo ya Sirari. Kila kijana akawa na nyundo, na kila mwenye nyundo akawa anaota pikipiki. Simioni aliuza baiskeli, akaingia duarani na wenzake, yaani kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, na mwamba ukamkubali. Haikuchukua muda akawa na nyumba ya bati la rangi na duka la vifaa vya kuchimbia. Watu wakamchagua mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu mtu akishapata huonekana pia ana akili.

Sasa njoo shuleni. Werema alipoingia kidato cha kwanza, Mseti wa Simioni alikuwa kidato cha tatu na ana genge lake. Wanafunzi wapya huitwa njuka, na kazi ya njuka ni kutumwa. Kuwafulia wakubwa soksi, kuwachotea maji, hayo kila aliyesoma anayajua na wengi huyasimulia kwa kicheko. Dhahabu ilileta kazi nyingine. Mseti na wenzake waliwapeleka njuka kwenye kifusi cha mawe kabla ya kengele, wakawabebesha viroba hadi kwenye karasha ya kusagia mawe, faida wakala wao. Anayekataa alizabwa makofi mbele ya wenzake. Werema alikuwa na lake la ziada, walimwita Mtoto wa Majike Mawili.

Siku moja alikataa kubeba. Wakamshusha kwenye duara lililoachwa, wakavuta kamba, wakaenda darasani. Mwalimu alipoita jina lake, Mseti akajibu kwamba anaumwa. Alitolewa jioni na Akinyi, mama wa Kijaluo anayeuza samaki sokoni Nyamongo, aliyekuwa akikata njia kurudi kwake Itiryo akasikia mtu analia ardhini. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika kwenye kiwiko. Ulifungwa, ukapona, lakini haukunyooka tena.

Ghati alikwenda shuleni. Mkuu wa shule alimpa kiti na soda.

"Bibi, ni utoto tu," alisema. "Hata sisi tumepitia hayo, na ndiyo yametukomaza."

"Wewe ulitupwa shimoni?"

"Hapana, lakini..."

"Basi hujapitia."

Akaenda kituo cha polisi, wakamwambia hayo ni ya shule. Akarudi shuleni, mkuu akafungua mikono na kusema hana kifungu chochote kinachomlazimisha kumfukuza mtoto wa mtu, tena mtoto wa mwenyekiti. Ghati alitoka pale kwa hasira. Njiani alimpitia Neema, afisa mtendaji wa kijiji, binti msomi mwenye adabu, akamuuliza kifungu hupatikana wapi.

Neema alicheka kwanza, kisha akaona bibi hana mzaha. Akamweleza taratibu. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo. Inajadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, watu wakiikubali inapelekwa halmashauri Tarime, nako ikipita inarudi ikiwa na nguvu ya kumbana mwalimu, mzazi na mtoto.

"Basi andika," Ghati akasema. "Andika kwamba anayemtesa mwanafunzi mwenzake asimamishwe shule, na asirudi mpaka mzazi wake aje amdhamini mbele ya watu. Na mwalimu akiambiwa akasema ni utoto, naye aitwe."

Hiyo ndiyo sheria ya Ghati, na ilikuwa nzuri. Kwa miezi mingi aliibeba mdomoni kama mtu anayetangaza mnada. Alipita Itiryo nyumba kwa nyumba, akashuka hadi Nyamongo kwa bodaboda akiwa amekaa upande na kumgombeza dereva kila kona. Akinyi alimkusanyia akina mama wa sokoni, kwa kuwa naye alikuwa na binti, Sheila, aliyekuwa anarudi nyumbani na nywele zilizokatwa vipande vipande na wasichana wakubwa shuleni. Wanaume walimtania. "Mura, funga ng'ombe, mbunge wetu anapita," walimwambia kijana yeyote aliyekuwa karibu. Ghati aliwajibu kwamba wakimaliza kucheka waje wasikilize, na baadhi walikuja. Nyumbani Werema alikuwa akimsubiri kila jioni, anamuuliza, "Bibi, wamekubali wangapi leo?" Kisha anajifunza kufunga kifungo cha shati kwa mkono mmoja. Kwa ajili ya huyo Ghati angeweza kwenda kwa miguu hadi Dodoma.

Ilibaki kumpata mwenyekiti, maana ndiye wa kuweka ajenda mezani.

"Mama, yule si baba wa Mseti?" Akinyi alimuuliza wakiwa kwenye meza ya samaki. "Unamwendea mwenye ng'ombe umwambie ng'ombe wake amekula shamba? Yawa, tafuta diwani."

"Simioni hatanigeuka."

"Umejuaje?"

Ghati akachagua samaki wawili, akatoa hela. Angemjibuje? Lile alilolijua lilikuwa halisemeki. Moyoni alijua kwamba mtoto aliyetupwa shimoni na mtoto aliyemtupa wana damu moja, na akaamini, mama wa watu, kwamba damu itamvuta Simioni upande wa aliyeumia. Alisahau kwamba ni yeye mwenyewe aliyemwambia mtu huyo siku ya kwanza kwamba akitoka pale asiangalie nyuma.

Simioni alimpokea vizuri kupita kiasi. "Shikamoo mama." Kofia mkononi, kama zamani. Alisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa.

"Mseti amenivunjia heshima," alisema. "Hilo niachie mimi. Nitaliweka la kwanza kwenye ajenda, na nitasimama na wewe."

Ghati aliporudi nyumbani aliimba akipepeta mtama. Boke alimtazama tu. Boke siku hizo alikuwa amepata kazi ya kuuza maandazi Nyamongo, akirudi na vitenge vipya na simu inayolia ovyo. Ghati aliona. Akasema moyoni, acha mokamona wangu naye apendeze, ujana wake wote ameulima shamba langu. Mokamona, mkwe, ndivyo alivyomwita tangu amlete, na alimpenda kuliko alivyowahi kumwambia.

Siku ya mkutano uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa. Akinyi alikuja na akina mama wa sokoni wananuka samaki na hawajali. Simioni alifungua kwa sala, akaiweka sheria mwanzoni mwa ajenda kama alivyoahidi. Neema akaisoma. Watu wakapiga makofi. Ghati akasimama kueleza yaliyompata Werema, na ndipo Simioni akainua kiganja.

"Samahani mama. Kwa utaratibu tu. Wewe ni nani wa mtoto huyu?"

Ghati alidhani amesikia vibaya. "Mimi ni bibi yake. Unanijua."

"Mkutano ndio unaotaka kujua. Hukumzaa?"

"Sikumzaa."

"Aliyemzaa yupo? Tumsikie yeye."

Boke alisimama kutoka upande wa wanawake. Alikuwa amevaa kitenge ambacho Ghati hakuwahi kukiona. Alisema bila kuinua uso kwamba Werema alianguka mwenyewe akitafuta mawe, kwamba hakuna aliyemsukuma, na kwamba mama amelikuza jambo kwa sababu ya uzee. Alilisema lote kwa sauti ya mtoto anayesoma somo alilokaririshwa. Kisha akaketi.

Watu wengine wakacheka, si kwa ubaya sana, lakini walicheka. Simioni akangoja kicheko kiishe, akasema kwa upole kwamba sheria bado ni nzuri, ila isiwe ya kila mpita njia kuwasemea watoto wa watu. Akaomba kiongezwe kipengele kimoja: kila mtoto, anayelalamika na anayelalamikiwa, asimamiwe na baba yake mzazi.

"Na sisi wajane?" Akinyi akapaza sauti.

"Mtoto wa mjane atasimamiwa na ndugu wa marehemu," Simioni akasema. "Ila marehemu awe ndiye aliyemzaa."

Uwanja mzima ukageuka kumtazama Ghati. Hakuna asiyejua kwamba Nyangwine alizikwa kabla Boke hajafika pale. Mikono ikainuliwa. Mikono ya waliokula ugali wake, mikono ya wanawake aliowasemea, hata Akinyi akainua wake nusu, kwa ajili ya Sheila, huku akifuta macho kwa mkono mwingine. Sheria ikapita, na katika watoto wote wa kijiji, aliyeachwa nje alikuwa yule aliyeisababisha.

Nyumbani alimkuta Boke anafunga nguo.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Simioni amenipangia chumba Nyamongo, na atanifungulia duka," Boke alisema. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akamtazama Ghati machoni bila woga. "Mama, uliniona lini mimi? Ulioa tumbo. Nimekuzalia, nimekulimia. Mume nimesikia tu wenzangu wakisema wanaye."

"Na Werema?"

"Werema ni wa nyumba yako. Si ndivyo mlivyokubaliana na wazee?"

Pikipiki ilikuja kumchukua jua likiwa bado juu. Ghati aliketi mlangoni, akaona uchungu unampanda hadi masikioni. Kwa Simioni alikuwa na hasira, na hasira alikuwa ameizoea. Hili la Boke hakujua aliweke wapi.

Mahindi yalipokuwa yanakauka shambani, sheria ikarudi kutoka halmashauri imepitishwa. Mseti ndiye aliyeipeleka shuleni kwa njia yake. Alimsimamisha Werema kwenye mstari wa chakula, akamwambia mbele ya wote, "Haya, tumekutesa. Kamwite baba yako mzazi aje ashtaki." Wakacheka mpaka wakashika matumbo. Werema, mtoto ambaye hakuwahi kumpiga hata mbuzi, akaokota jiwe kwa mkono wake mzima akampiga Mseti nalo mdomoni, meno ya mbele yakatoka.

Basi mlalamikaji wa kwanza kuitumia sheria ya Ghati akawa Simioni.

Kesi ilisikilizwa katika ofisi ya kijiji. Kwa kuwa mwenyekiti ndiye aliyelalamika, Neema aliketi kwenye kiti chake, na mkuu wa shule pembeni na wazee wawili kwenye benchi. Mseti alikuwa na kitambaa mdomoni. Werema alisimama nyuma ya bibi yake, karibu sana, kiasi kwamba Ghati alisikia pumzi yake begani. Simioni alijitambulisha kuwa baba mzazi wa Mseti, akaeleza, akaketi. Kila kitu kilikwenda kwa kufuata kifungu.

"Mtuhumiwa anasimamishwa shule," Neema alisema, na sauti yake haikuwa nzuri, "mpaka baba yake mzazi afike amdhamini. Bibi, ni lazima niulize. Baba mzazi wa Werema ni nani? Akitajwa na akadhamini, kesho mtoto anaingia darasani."

"Nyangwine," Ghati alisema.

"Bibi, sheria inasema mzazi."

Mzee mmoja akakohoa. Simioni alikuwa amekunja miguu, kofia ameiweka gotini, anaangalia dirisha kama mtu anayesubiri mvua ipite. Alijua Ghati hawezi kumtaja. Hilo ndilo lililomchoma Ghati kuliko Boke, kuliko kipengele, kuliko kicheko cha uwanjani. Mtu huyu alikuwa amejenga ujanja wake wote juu ya uaminifu wa Ghati. Alimgeuka akitegemea kwamba yeye hatamgeuka. Hasira ikamjaa kifuani hadi akasahau yuko wapi na yuko na nani.

"Simioni," alisema. "Geuka huku. Mbele ya wazee hawa, niambie. Mtoto huyu si wako?"

Mkuu wa shule akaweka kalamu chini. Simioni alimtazama Ghati, akawatazama wazee, akamtazama Mseti mwenye kitambaa. Akisema ndiyo, itambidi amdhamini yule aliyempiga mwanawe, na kijiji kizima kitajua kwamba ndiye aliyekuwa akija kwa Boke.

"Simjui," alisema. "Mtoto wa nyumba ile nitamjulia wapi? Huyu si wangu, na hatakuwa wangu."

"Wazee mmesikia."

"Tumesikia," wakajibu.

Ghati akahisi kwa dakika ile kwamba ameshinda. Sheria ilikuwa imempiga, lakini nyumba ya Nyangwine alikuwa ameifunga kwa kufuli. Simioni hata azeeke vipi, hata apungukiwe vipi, hatakuja kumdai Werema, kwa kuwa amemkana kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya mashahidi. Alitaka kucheka. Aligeuka amshike mtoto mkono waende zao.

Werema alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani. Alikuwa ameelewa yote kwa mara moja, kwamba baba yake anaishi, kwamba ni huyu, kwamba amemkataa mbele ya Mseti, na kwamba bibi yake alikuwa anajua tangu siku alipozaliwa. Mseti alikuwa ameshusha kitambaa, anamkodolea macho, na hata yeye alikuwa hacheki.

"Twende, mjukuu wangu," Ghati alisema.

Werema hakumtazama Simioni. Alimtazama bibi yake, mwanamke aliyezunguka Itiryo na Nyamongo yote akisema mtoto asiaibishwe mbele za watu.

"Bibi," alisema polepole, "hili ungeniambia tukiwa nyumbani."

Akatoka. Ghati alimfuata hadi barabarani akimwita, na mtoto hakukimbia wala hakugeuka, alikuwa anatembea tu mbele yake, mkono uliopinda ukining'inia, na kila Ghati alipoongeza hatua naye akaongeza. Walifika nyumbani hivyo. Shuleni hakurudi. Mpaka leo anachimba Nyamongo, na Akinyi anasema ni kijana mwema anayewasaidia akina mama kupandisha ndoo, lakini sheria ile ukiitaja mbele yake anainuka anaondoka. Ghati naye bado anakwenda sokoni kila siku ya gulio, anaketi kwenye meza ya samaki mahali anapoweza kumwona akipita, na siku nyingine mtoto humpa shikamoo.